Ndugu wa Upande Mmoja

Jumatatu, 2 Novemba 2015

Mvua ya kwanza ya maana imetukuta ofisini, na pamoja nayo akaingia mtu mpya, amelowa chapachapa. Anaitwa Aurore. Babu na bibi yake walivuka ziwa kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakafikia Ilagala, wakalima, wakavua, wakabaki hukohuko. Yeye kazaliwa Ilagala, akaenda kusomea kompyuta Dodoma. Nimempa kitenge changu ajifunge mpaka nguo zake zikauke. Ameshukuru hadi nikaona haya. Ananiita Dada Leonia, ingawa tunalingana.

Kazi yake ni ileile yangu. Tangu Mei watu wanavuka tena kuja upande huu, na kwenye kupanda maboti wanapotezana: baba boti hili, watoto lile. Shirika letu lina dawati kambini linaloandika watu, na ofisi hii ndogo hapa Kigoma mjini. Mimi ndiye niliyejenga mfumo wa kuwatafutia watu ndugu zao. Nimelalamika tangu hapo kwa Mzee Leodgar, bosi wetu, kwamba sina msaidizi. Sasa ameniletea.

Ili kuujaribu mfumo, leo kila mmoja amejiandika kana kwamba naye amepotezana na watu wake, akataja wale ambao angewatafuta. Mimi nimemtaja mama, na Pastory. Mzee Leodgar amemtaja mkewe, kisha akauliza kama ng'ombe wanaruhusiwa.

Pastory ndiye anayekwenda kambini kila wiki kuongea na watu. Ni mchumba wangu. Wazee wake wa Simbo wataleta barua ya posa mvua zikiisha. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeisoma tena kwa raha zangu.

Jumatano, 4 Novemba

Mvua. Mama analalamika, dagaa zake hazikauki.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimebishana na Aurore mbele ya bosi, kwa hiyo niandike hapa nani alikuwa na haki.

Kwenye mfumo wangu kuna jedwali moja la watu. Mume ni mtu, shangazi ni mtu, mtoto ni mtu, wote wamo humo. Kwa hiyo jedwali hilo halijiungi na jedwali jingine, linajiunga na lenyewe. Katikati nimeweka jedwali dogo la viungo, lenye mistari mifupi: nani kasema, kamtaja nani, kamwita nani wake. Mtu mmoja anaweza kutaja wengi na akatajwa na wengi. Programu saidizi tunayotumia inafanya kazi ya punda: mimi naandika tu mtu.ndugu, yenyewe inakwenda kwenye majedwali na kuniletea watu. Ni kitu kizuri. Na mfumo wote nimeujenga peke yangu.

Mama tu ndiye sikumweka kwenye viungo. Nimempa nafasi moja ndani ya mstari wa mtoto, maana mtu ana mama mmoja.

"Dada Leonia," Aurore akasema, "kuna nyumba mtoto ana mama wawili."

"Aliyemzaa ni mmoja."

"Ndiyo, lakini akiulizwa atawataja wawili."

Kisha akaja na la pili. Tukifungua ukurasa wa mtu, tunaona aliowataja yeye. Je, waliomtaja yeye wako wapi? Nikamwambia wataonekana kwenye kurasa zao.

"Lakini yeye hafungui kurasa zao," akasema.

Mzee Leodgar akavua miwani. "Hilo zuri. Leonia, hebu liangalieni." Ni miezi sita namjengea mfumo na hajawahi kuivua miwani kwa ajili yangu. Pastory alikuwa mlangoni, akacheka na kumuuliza Aurore kwa Kirundi kibovu habari za asubuhi. Akajibiwa, "Bwakeye," wakacheka wote.

Jumanne, 10 Novemba

Nimewahi ofisini kabla ya Aurore ili jambo lake nilifanye mwenyewe, liitwe langu.

Nikaagiza mfumo kwamba kila kiungo kikiandikwa, ujiandikie wenyewe kingine cha kurudi. A akisema B ni wake, na B awe kasema A ni wake. Rahisi. Ilipofika saa nne Mzee Leodgar akaniita kwenye meza yake.

"Leonia, huyu Bonfils ana miaka mitatu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Naona hapa amemzaa baba yake."

Sikufikiri. Ndugu kwa ndugu inarudi sawa, mume na mke hivyo hivyo kwa kiasi chake, lakini baba hairudi baba. Kambi nzima watoto walikuwa wamewazaa wazazi wao. Nikakimbilia kurekebisha, nikafungua ukurasa mmoja wa mwanamke: ukaleta ndugu yake, na ndugu wa ndugu yake, ambaye ni yeye mwenyewe, na ndugu wa huyo, ikaendelea kuzunguka hivyo mpaka kompyuta zote tatu zikagoma na feni zake zikawa zinapiga kelele kuliko mvua.

Nikafuta viungo vyote vya kurudi. Nikasema wazo lenyewe ndilo bovu.

Aurore akasema kwa sauti ya chini, "Sikusema tuwaandikie, dada. Nilisema tuwasikilize wa upande wa pili. Mtu akikutaja, hilo ni neno lake. Wewe bado hujasema kitu. Mfumo usituwekee maneno mdomoni."

Alikuwa sahihi, na nimechukia zaidi kwa sababu alilisema kwa upole. Nimemwambia tuna kazi nyingine.

Ijumaa, 20 Novemba

Aurore amerudisha kitenge changu, kimefuliwa na kupigwa pasi. Nimekiweka chini kabisa ya sanduku.

Sasa yeye na Pastory wanakwenda kambini pamoja, maana anakijua Kirundi cha nyumbani. Wanarudi jioni na matope hadi magotini na hadithi ambazo hazinihusu.

Alhamisi, 26 Novemba

Leo nimekwenda nao. Nimemwambia Mzee Leodgar nataka kuona mfumo unavyotumika. Ukweli nilikwenda kuangalia gari lina viti vingapi na nani anakaa wapi. Pastory anaendesha, Aurore alikuwa nyuma. Nikakaa mbele, na njia nzima wakaongea kupitia kichwani kwangu.

Dawatini alikuja mwanamke anaitwa Spesiosa, mrefu, wa Rumonge, anajua Kiswahili cha kule pwani ya ziwa. Anamtafuta binti yake Ella, ana miaka minne. Siku ya kuvuka alikuwa anaumwa, hawezi kusimama, akamtoa mtoto atangulizwe kwenye boti. Yeye alikuja na boti la baadaye. Tangu hapo hajamwona.

"Ulimpa nani?" nikauliza.

"Watu."

"Majirani?"

"Watu wa boti."

Nikatafuta palepale. Mfumo unawaleta watoto waliofika bila mama, ndivyo nilivyouagiza, ili tusipekue kambi nzima. Akina Ella walikuwepo, lakini hakuna aliyekuwa wake. Mmoja ni wa miaka kumi, mwingine anatoka Makamba na tayari bibi yake kampata. Spesiosa aliniangalia usoni, akafunga khanga, akaondoka.

Aurore akasema, "Hajasema yote."

"Wewe umejuaje?"

"Mtu hawapi 'watu' mtoto."

Pastory akamwangalia Aurore kama anavyoangalia mpira unapoingia golini. Nina wivu. Basi, nimeandika, na ukurasa haujaungua.

Jumanne, 1 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Aurore amesuka.

Jumamosi, 5 Desemba

Kazi ya leo ilikuwa kusafisha maneno. Wale wa dawatini wanapoandika ndugu wanaandika kila mtu kama alivyosikia, Kiswahili, Kirundi, Kifaransa cha kuokoteza. Mimi nayapanga kwenye mafungu: mzazi, mtoto, mume na mke, ndugu, na fungu la wasio ndugu kama jirani, padri, mkuu wa kaya.

Kuna watu wengi wameandikiwa "mukuru". Nikawatia wote kwenye mkuu wa kaya.

Aurore akaegemea meza yangu. "Dada, mukuru siyo lazima mkuu."

"Mkuu wa nchi kwenu anaitwaje?"

"Umukuru. Lakini ukisema mukuru wanje..."

"Aurore, mimi ni Muha. Kiha na Kirundi ni pua na mdomo. Nimelisikia neno hilo kabla hujazaliwa."

"Tumezaliwa mwaka mmoja," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Pastory alicheka. Kwa nini kila huyu binti akinijibu lazima Pastory awe karibu?

Jumatatu, 14 Desemba

Ameniomba tena ile ya waliomtaja mtu. Safari hii kaiandika kabisa, mistari michache, anataka niipitie tu. Nimesema baada ya Krismasi. Sijaifungua.

Ijumaa, 25 Desemba

Pastory alikuja kwetu Rusimbi kula nasi. Mama alikaanga samaki, migebuka, ugali wa muhogo, mawese hayakupimwa. Pastory alikula vizuri, akasema, "Mama Leonia, mgebuka huu mtamu, ila siku moja jaribu na majani ya limau kama wanavyofanya kwa akina Aurore."

Mama akamwangalia. Mimi nikamwangalia.

"Ulikula lini kwao?" nikauliza.

"Si tulipita Ilagala siku ile gari lilipoharibika."

Siku ipi? Sikuwahi kusikia gari limeharibika. Gari lile linaharibika wapi, mbele ya nyumba ya watu wenye majani ya limau? Nimeosha vyombo kwa nguvu hadi mama akaja kuniondoa.

Pastory alipoondoka, mama akakaa nami barazani. Akaniambia kwa Kiha kwamba bibi yangu aliletewa mke wa pili akiwa na mimba ya mama. Mke mwenza kwetu na kwa Warundi ni neno lilelile, mukeba. Nikamuuliza bibi alifanyaje. Mama akasema, alimpa yule mwanamke jiko bovu, na mwaka mzima alisikiliza akikohoa na moshi. Kisha akacheka peke yake, akasema baadaye walizeeka wakigombania nani achume mboga.

Mimi mukeba wangu ninaye, na hata hajaolewa na mtu. Anakaa meza ya pili kutoka dirishani.

Jumanne, 5 Januari 2016

Wanahamisha watu. Kambi ya zamani imejaa, kuna mpya imefunguliwa na mabasi yanakuja kila wiki. Familia iliyoandikwa pamoja inahamia pamoja. Ambaye hajaandikwa na mtu anakwenda pale jina lake litakapoangukia.

Aurore ameingia ofisini kabla ya kufunga mwavuli. "Spesiosa yuko kwenye orodha ya mwezi huu. Akihamishwa na mtoto akabaki, au mtoto akihamishwa upande mwingine, tutampata lini?"

"Mtoto hayumo kwenye mfumo," nikasema.

"Au yumo ila hatumwoni."

"Una maana mfumo wangu ni kipofu?"

Hapo ndipo akafunga mwavuli. Pastory akasema, "Leo, kwani kuna ubaya gani akijaribu?" Ananiita Leo tangu sekondari. Zamani nilikuwa napenda. Nikamjibu kwamba anayewajibika mfumo ukigoma tena ni mimi, siyo yeye na rafiki yake. Nilisema "rafiki yake" kwa namna ambayo Mzee Leodgar alitoka nje kuangalia mvua.

Ile programu ya Aurore bado sijaifungua. Najua ni nzuri, ndiyo maana.

Alhamisi, 14 Januari

Mvua kubwa. Barabara ya kwenda kambini imekatika, hawakwenda. Wamekaa ofisini siku nzima, wote wawili. Ningependa barabara ifunguke na ningependa isifunguke.

Jumatatu, 18 Januari

Aurore ana malaria, yuko kwao. Siku hizi Pastory hawezi tena kwenda peke yake, kwa hiyo nimekwenda mimi.

Spesiosa alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Anahamishwa Ijumaa. Hakuuliza habari za mtoto, akajua usoni kwangu kwamba hakuna. Akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Dada wa kompyuta," akasema, "mimi mlinikalisha hapa mkaniuliza namtafuta nani. Nimetaja. Sasa nauliza, mimi natafutwa na nani?"

"Vipi?"

"Kwenye mashine hiyo. Kuna mtu kanitaja mimi? Hata mmoja?"

Vidole vyangu vilikuwa kwenye vibonye na hakukuwa na cha kubonya. Mfumo wangu unajua majina elfu na elfu, unajua nani kamtaja nani, na swali hilo dogo nilikuwa sijaujengea mlango wa kulijibu. Nikasema mtandao unasumbua. Alinishukuru kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anayeshukuru mlinzi aliyemfukuza kwa adabu.

Njiani Pastory alikuwa anaimba. Nikamwambia anyamaze.

Jumanne, 19 Januari

Nimefika ofisini asubuhi, nimefungua programu ya Aurore. Nimemaliza kuisoma chai yangu haijapoa. Haiandiki chochote kwa niaba ya mtu. Inalichukua jedwali lilelile la viungo na kulisoma kutoka upande wa pili, anayetajwa badala ya anayetaja, na haimfuati ndugu wa ndugu, kwa hiyo haizunguki. Ilikuwa ndani ya kompyuta yangu tangu Desemba.

Nikaiwasha. Nikafungua ukurasa wa Spesiosa. Kwenye ndugu hakuna kitu. Kisha nikaona chini kabisa, kwenye lile fungu la wasio ndugu: Agnesi Manariyo. Amemtaja Spesiosa kuwa mkuu wa kaya.

Mwanamke wa kanda nyingine kabisa ya kambi, kaya yake inaongozwaje na Spesiosa? Nikafungua neno lenyewe kama lilivyoandikwa dawatini Mei. "Mukuru wanje." Jina la Spesiosa lilikuwa la kwanza kati ya aliowataja, mbele hata ya mume.

Nikampigia Aurore. Sauti yake ilikuwa ya homa.

"Mukuru wanje ni nini?" nikauliza, bila hata pole.

"Mwanamke akisema, ni dada yangu mkubwa."

"Agnesi Manariyo ana dada yake hapa. Spesiosa hakusema ana mdogo."

"Huyo Agnesi ana mtoto?"

Nikaangalia. Ella, miaka minne. Kwenye ile nafasi moja ya mama niliyoiweka mimi, imeandikwa Agnesi. Ndiyo maana hakuwahi kutokea. Mfumo wangu uliwatafuta watoto wasio na mama, na huyu alikuwa naye.

"Dada Leonia," Aurore akasema, "angalia Agnesi anahama lini."

Kesho asubuhi.

Jumatano, 20 Januari

Niandike yote nikiwa bado nakumbuka.

Tuliondoka alfajiri, mimi na Pastory, na Aurore tukamkuta barabarani njia panda, kajifunga sweta, macho mekundu. Sikumwambia arudi. Nikahamia nyuma nikakaa naye. Hakuna aliyeimba.

Tulimchukua Spesiosa kwanza. Nilimuuliza garini, "Agnesi Manariyo ni nani?"

Akageukia dirishani.

"Mukeba," akasema. "Mke wa pili wa mume wangu, Sindayigaya. Ndiye niliyempa mtoto."

"Mbona hukutuambia?"

"Nikisema yuko kwa mukeba wangu, mngesema yuko nyumbani. Mngeandika faili limefungwa." Akavuta pumzi. "Na yule hakuzaa. Toka aingie kwenye ua wangu anamtaka Ella. Anamsuka, anambeba, anamfundisha nyimbo. Mtoto akilia usiku anamwita yeye. Nilipomtupia mgongoni kule ufukweni nilijua namzawadia. Ningemtaja vipi kuwa ni mtu wangu?"

Aurore alikuwa anatazama miguu yake. Mimi pia.

Mabasi yalikuwa yamepangwa kwenye matope, watu wamebeba magodoro na sufuria kichwani. Tukamkuta Agnesi kwenye mstari wa basi la tatu. Ni mdogo kuliko nilivyomfikiria, mwembamba, na mtoto kamfunga mgongoni kwa shuka la shirika. Alipomwona Spesiosa hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye matope akamwamkia kama mdogo anavyomwamkia mkubwa, mtoto yuko mgongoni vilevile.

Spesiosa akasimama juu yake. "Umemwandika wako."

"Waliniuliza mama yake nani," Agnesi akasema. "Ningesema hayupo wangemchukua, wampeleke kwa wale watoto wasio na watu. Ningempata wapi nikupe?"

"Na mimi uliniandika nani?"

"Mukuru."

"Mimi?"

"Ungependa niandike nini? Niliandika wa kwanza kabisa. Kila wiki nilikwenda kuuliza kama umenitaja. Wakasema hapana, hakuna aliyenitaja."

Hilo lilinipata mimi kuliko Spesiosa. Alikwenda kila wiki kuuliza swali lilelile la Spesiosa, na dawati likaangalia mfumo wangu usio na mlango wa kulijibu, likasema hapana.

Spesiosa akamfungua mtoto mgongoni. Ella alimwangalia mama yake kwa muda mrefu, akamshika sikio, kisha akamgeukia Agnesi kuona kama na yeye anakuja. Hapo Spesiosa akaanza kulia, wa kwanza kulia kati yetu wote, nadhani kwa furaha na kwa wivu pamoja, maana macho yake yalikuwa kwa Agnesi.

Karani wa mabasi alitaka jibu. Hawa wameandikwa kaya mbili, huyu Ijumaa, huyu leo. Aurore akafungua kompyuta juu ya boneti ya gari, mimi nikamshikia mwavuli. Nikamuuliza Spesiosa, "Nikuandikie Agnesi kuwa nani wako?"

"Mukeba," akasema, akijifuta pua. "Ndivyo alivyo, sitadanganya. Lakini tuandike basi moja."

Jumamosi, 23 Januari

Nimekuja ofisini ingawa ni Jumamosi. Nimeiondoa ile nafasi moja ya mama, nimewahamishia akina mama wote kwenye viungo kama watu wengine. Ella ana wawili. Neno mukuru nimelitoa kwenye mkuu wa kaya na kulirudisha kwa ndugu. Nyumba nyingi zimeonekana Jumamosi hii ambazo jana hazikuwepo.

Nilipomaliza, nikafanya ujinga. Nikafungua zile kurasa tulizojiandika wenyewe Novemba kwa majaribio, nikauliza mfumo: mimi natajwa na nani?

Jibu lilikuwa la mstari mmoja.

Aurore. Mukuru wanje. Imeandikwa tarehe mbili Novemba, siku ya mvua, siku ya kitenge.

Pastory hayumo. Nikafungua ukurasa wake. Mama yake. Kaka yake wa Simbo. Chini yao, jina lililoongezwa Desemba, siku mbili kabla ya ile migebuka ya mama: Aurore, mchumba.

Nikafungua wa Aurore. Baba yake, mama yake, bibi, mimi. Pastory hakutajwa popote.

Nimekaa nikisikiliza mvua kwenye bati. Kumbe wivu wangu haukukosea nyumba, ulikosea mlango.

Jumatatu, 25 Januari

Nimemuuliza uso kwa uso, jikoni mwa ofisi, anachemsha maji.

"Pastory alikutaka?"

Akafunga gesi. "Alinitaka. Akanionyesha na kwenye mfumo, kaniandika. Nilimwambia afute. Nikamwambia mimi kwa Leonia nimeandika dada."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Tangu Novemba hunijibu hata Bwakeye."

Nilitaka kusema kitu cha maana. Nikasema, "Homa imeisha?"

"Imeisha, dada."

Jioni nimemwambia Pastory wazee wa Simbo wasisumbuke na barua. Aliuliza nani kaniambia. Nikamjibu ni yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake. Alisema nimejawa na wivu. Nikamwambia ndiyo, ni kweli, na akitaka atafute mahali pa kuliandika hilo.

Nimelia njia nzima ya Rusimbi, mvua ikanisitiri.

Ijumaa, 29 Januari

Hakuna mvua leo, jua kali. Mama ameanika dagaa, uwanja mzima unanuka.

Taarifa imekuja kutoka kambi mpya: Spesiosa na Agnesi wamepewa hema moja na tayari wamekwenda kulalamika, kila mmoja anataka la kwake, na kila mmoja anataka Ella alale kwake. Mzee Leodgar ameisoma mara mbili, akavua miwani kuifuta machozi ya kicheko.

Mchana nimefungua ukurasa wangu wa majaribio. Mama nimembakiza. Pastory nimemfuta. Nikakaa mbele ya nafasi tupu. Kwa kuwa mtu amenitaja, ningependa mfumo ujaze wenyewe upande wangu, nisijisumbue, nisione haya. Haujazi. Tuliujenga hivyo, na yeye ndiye aliyeng'ang'ania.

Nikamwita kutoka meza ya pili. "Aurore, mukuru ikirudi inakuwa nini?"

Akageuza kiti chake. "Murumuna, yaani mdogo."

"Herufi kwa herufi."

Akanitajia, nami nikaandika.